Mwalimu wa Kisangani

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Heshima yao wanayo, lakini wahenga hao hawakupita barabara ya Djugu kuja Bunia mwaka ule wa vita. Wangalipita, wangalirudi nyumbani wakaitunga upya methali yao. Agathe aliipita akiwa na miaka kumi na mitano, godoro lililokunjwa kichwani, nyuma ya mama yake na kaka yake Caleb, na njia iliyokuwa fupi siku ile ilikuwa ya msema kweli.

Mama yao aliwafundisha wakiwa bado vichakani, kabla hawajaishika barabara. Mbele kulikuwa na barrière, yaani gogo lililolazwa njiani na vijana wenye mapanga wanaouliza kila mpita njia anatoka wapi.

"Kwenye barrière hakuna ukweli na hakuna uongo," mama aliwaambia. "Kuko jibu ya kupita na jibu ya kubakia. Museme siye tunatoka Epulu. Baba yenu analinda wanyama kule."

Epulu ilikuwa mbali, katikati ya msitu wa okapi, na hakuna aliyekuwa na ugomvi na watu wa Epulu. Agathe hakuwahi kufika huko. Okapi mwenyewe alimjua kwa picha tu, kwenye kalenda ya parokia.

Kijana aliyewasimamisha alivaa wigi ya kike na bunduki begani. Alimtazama Agathe kwa muda, kisha akauliza, "Okapi iko ginsi gani?"

"Iko na miguu ya mistari, uso inataka kuwa ya twiga," Agathe akajibu bila kumeza mate. "Na inaogopa sana batu."

Kijana akacheka, akampungia mkono apite. Akamgeukia Caleb. Caleb alikuwa amesoma kwa mapadri, aliambiwa kusema uongo ni dhambi, na alikuwa na kile kiburi cha miaka kumi na saba ambacho wazazi hukisifu siku za amani. Aliulizwa akajibu: jina la kijiji, jina la baba, jina la babu asiloulizwa. Wakamchukua nyuma ya mikaratusi, na hakutoka tena. Mama hakugeuza kichwa, maana anayegeuka anaonyesha kwamba huyo ni wake. Agathe alikuwa nyuma yake, akaiona shingo ya mama yake ilivyokakamaa mpaka mishipa ikatoka. Walitembea hivyo hadi Bunia, na kilio chao walikilia kambini, karibu na uwanja wa ndege, kilipokuwa hakimfai tena mtu yeyote.

Basi huyo ndiye Agathe. Miaka ilipita, vita vikaisha na kuanza tena mara nyingi kuliko redio ilivyotangaza, na yeye akawa muuza samaki katika soko kuu la Bunia. Samaki wa Kasenyi, kutoka ziwani. Ukitaka kumjua, ungemtazama asubuhi anapochagua mzigo. Hakuuliza samaki amevuliwa lini, kwa sababu muuzaji atasema jana hata kama ni wa wiki jana. Alifungua shavu la samaki akatazama wekundu wa ndani, akabonyeza tumbo kwa kidole gumba, akanusa, akamrudisha, akamchukua mwingine. Wenzake walimpa jina la Mama Contrôle, naye hakulichukia.

Mumewe aliitwa Isidore. Alianza kwa kuleta samaki kwa lori kutoka Kasenyi, na huko ndiko walikokutana, kisha akapewa lori kubwa zaidi na njia ndefu zaidi: Komanda, Mambasa, hadi Kisangani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na kwenye barrière hakuwa na mfano. Hapa alikuwa mwana wa huku, pale alikuwa mkwe wa kule. Mahali pengine alikuwa mgonjwa anayepelekwa hospitali, ingawa ndiye aliyeshika usukani. Mara moja, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mchungaji, na aliwaombea vijana wenye bunduki mpaka mmoja wao akatoa machozi. Agathe alimpendea hayo. Kuna wanawake wanaotaka mwanamume mkweli. Agathe alitaka anayerudi.

Walizaa Divine, wakazaa na wadogo zake wawili. Walijenga nyumba ya matofali mtaa wa Mudzipela, juu ya kiwanja alichokinunua Isidore kwa jasho lake. Ila siku ya kuandikisha kiwanja Isidore alikuwa njiani, lori limekwama kwenye matope ya Mambasa, kwa hiyo kiliandikwa kwa jina la kaka yake mkubwa, Baudouin. Hakuna aliyeona neno. Ndugu ni ndugu, na karatasi zingerekebishwa siku moja, kama yanavyorekebishwa mambo yote ya siku moja.

Kisha akafa Claude, jirani yao, dereva mwenzake Isidore. Walimpiga risasi ng'ambo ya Komanda. Clarisse, mkewe, alikuwa bado amefunga kitambaa cha matanga wakati ndugu za marehemu walipofika na pikapu. Vitu vya ndugu yetu, walisema. Walichukua vitanda, wakachukua viti, wakang'oa mlango. Jikoni kulikuwa na maharage yanayochemka. Waliyamwaga chini wakaibeba sufuria ikiwa bado moto, wameishika kwa matambara. Sheria ya nchi inakataza mambo hayo, naam, lakini sheria inakaa Kinshasa na pikapu ilikuwa Mudzipela. Agathe alimpelekea Clarisse mkeka wa kulalia. Aliporudi nyumbani alisimama sebuleni akavitazama vitu vyake, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja alimwona mtu wa kukibeba.

Hofu hiyo ilikaa naye. Usiseme ni tamaa. Hakutaka utajiri; alitaka kwamba siku Isidore asiporudi, yeye na watoto watatu wasilale nje.

Redioni alisikia tangazo la bima ya maisha. Siku hizi, likasema tangazo, huna haja ya kutembea ofisi hadi ofisi. Kuna tovuti moja ya Kinshasa inayozipanga kampuni zote bega kwa bega, unalinganisha mwenyewe, unachagua. Kulinganisha lilikuwa neno la Agathe. Alinunua mega za kutosha, akaketi nyuma ya meza yake ya samaki alasiri wateja walipopungua, akaifungua. Alikuwa amesoma sekondari kwa miaka miwili kabla ya vita, Kifaransa hakikumtisha.

Tovuti ilimsalimia vizuri. Ikamwuliza umri wa mume, kama anavuta sigara, kama anakunywa. Ikamwuliza kazi, na orodha ikashuka. Akagusa dereva wa malori. Ikamwuliza mahali anapoishi. Akagusa Ituri, akaandika Bunia. Duara dogo likazunguka, likazunguka, kisha yakaja maneno ya adabu sana: tunasikitika, hakuna ofa inayolingana na hali yako. Akadhani mtandao umemchezea. Akarudia. Akapunguza kile ambacho angelipwa, akarudia tena, na jibu likawa lile lile. Hata samaki aliyelegea hupata mnunuzi wake jua likizama. Isidore, na mwili wake wote ule, hakupata hata kampuni moja ya kumtazama shavu, na jambo hilo lilimuudhi Agathe kuliko lilivyomtisha.

Isidore aliporudi, Jumapili mchana, mvua ilikuwa inapiga bati hata watu wanasikilizana kwa shida. Agathe akamwonyesha simu.

"Mama Divine," Isidore akasema, "weye unatafuta bei yangu?"

"Natafuta kitu yaya yako hawezi kupakia mu pikapu."

"Baudouin? Baudouin hawezi."

"Ata ba ndugu ya Claude, Clarisse alisema hawawezi."

Isidore hakupenda mazungumzo hayo. Kwao kumtaja mtu na kifo chake katika pumzi moja ni kukionyesha kifo mlango. Lakini aliichukua simu, akasoma yale maneno ya kusikitika, akasoma tena, na polepole uso wake ukafunguka kama anavyofunguka dereva anayeona mahali anapopajua.

"Lakini hii ni barrière," akasema.

"Ginsi gani?"

"Barrière kabisa. Gogo iko hapa, mutu anauliza: unatoka wapi, unafanya kazi gani? Na weye ukamujibu Bunia, chauffeur. Mama Divine, weye tena. Caleb njo alijibu vile."

Hakuwa na nia mbaya kumtaja Caleb, lakini neno hilo lilimwingia Agathe. Alimnyang'anya simu. Mahali pa Bunia akaweka Kisangani. Mahali pa dereva akaishikilia orodha kwa kidole, akamwuliza mumewe aseme nini.

"Mwalimu."

"Juu ya nini mwalimu?"

"Mwalimu hana adui. Ata wale ba mapanga walifundishwa na mwalimu."

Duara likazunguka. Na hapo, mbele ya macho yao, kampuni zikashuka moja baada ya nyingine, kila moja na nyota zake na alama zake za kijani, bei upande huu na ahadi upande ule. Agathe akavuta pumzi. Ilikuwa ni ile pumzi aliyoivuta akiwa na miaka kumi na mitano, hatua chache baada ya gogo, alipojua kwamba mgongo wake hautapigwa. Mwili wake haukujua tofauti.

Alichukua jioni mbili kuchagua, maana Mama Contrôle ni Mama Contrôle. Alizipanga kwa bei, akazipanga kwa nyota. Akasoma maneno madogo ya chini: kampuni hii hailipi mtu akifia vitani, hii inalipa baada ya muda mrefu, hii inataka karatasi nyingi. Akaitupa ya kwanza, akaitupa ya tatu, akachagua iliyokuwa na maneno wazi, ambayo ingemlipa yeye kwa jina lake, Agathe, bila kumpitia kaka wala mjomba. Alizikagua zote vizuri. Samaki aliyesahau kumfungua shavu ni yule aliyekuwa anauza yeye.

Kila mwezi alilipa kwa simu, na kila mwezi ujumbe ulikuja kumshukuru Bwana Isidore. Nyumbani jambo hilo likawa mzaha. Isidore akirudi na vumbi la Mambasa mpaka kwenye nyusi, Divine, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na sita mwenye ulimi, alisimama wima kama darasani akasema, "Bonjour mwalimu." Naye aliitikia, "Kaeni chini," akiwa ndiye pekee aliyesimama. Walicheka. Agathe alicheka pia, na usiku alilala. Mumewe akiondoka aliogopa kama kawaida, lakini hofu ilikuwa imepungua upande mmoja. Alimweleza na Clarisse habari za bima ile, kwa nia njema, kama mtu anayemweleza jirani mahali penye chumvi ya bei nafuu.

Isidore hakufia barabarani. Kuna watu Bunia mpaka leo wanalitikisia kichwa jambo hilo. Barabara ile yote, magogo yote yale, na alianguka nyumbani kwake Jumapili asubuhi, ameinama anapaka viatu rangi ili aende kanisani. Kiatu kimoja kilikuwa kimeng'aa tayari. Hospitalini daktari akasema ni presha, mshipa wa kichwani umepasuka, na kwamba hata angefika mapema. Hakumaliza sentensi. Kilikuwa kifo ambacho yeyote angekufa: mwalimu, askofu, mkubwa wa kampuni ya bima. Muuguzi alipomwuliza Agathe kazi ya marehemu ili aandike kwenye cheti, Agathe akasema chauffeur. Mtaa? Mudzipela, Bunia. Uchungu humvua mtu kila kitu, na siku ile ulimvua Agathe uongo wake.

Matanga yalijaa. Baudouin, yaya yake Isidore, alilia kweli, tusimnyime haki yake. Alilia mpaka akashikwa na wawili. Agathe alipeleka karatasi kwenye kampuni kwa kuzipiga picha kwa simu, cheti cha kifo na kadi ya mpiga kura ya marehemu, akangoja. Simu ililia siku moja akiwa amerudi sokoni, mikono imejaa magamba. Sauti ya mwanamke, ya upole, Kiswahili cha Lubumbashi.

"Mama, pole sana kwa msiba. Nataka tu kuuliza maulizo kidogo. Bwana yako alikuwa anafundisha shule gani kule Kisangani?"

Jibu lilikuwa tayari kabla swali halijaisha. Agathe hakuwahi kukosa jibu.

"Kwa ba-soeurs, shule ya masista, karibu na mto."

"Na juu ya nini karatasi ya docteur inasema chauffeur, Bunia?"

"Aliacha kufundisha. Alirudi huku."

"Aliacha lini, mama?"

Agathe akataja mwezi. Upande wa pili alisikia vidole vikigonga mashine. Kwenye barrière unamwona mtu macho, unajua jibu limeingia au limegonga mfupa, unaongeza okapi kidogo, unaongeza kicheko. Huku hakukuwa na macho. Kulikuwa na vile vidole tu, vinagonga na kunyamaza. Mwanamke akauliza jina la mkuu wa shule, akauliza kwa nini kadi ya mpiga kura ina anwani ya Bunia tangu zamani, na kila swali lilikuwa na adabu. Agathe akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alichoka. Alichoka kwa miaka yote ile kwa pamoja.

"Alikuwa chauffeur," akasema. "Alikuwa chauffeur siku zote. Tuliandika mwalimu juu site ilitukataa."

Vidole vikaacha kugonga mashine, na yule mwanamke aliposema tena hakusoma kutoka popote.

"Mama, nasikitika. Mutu akisema uongo mu contrat, contrat inakufa. Siwezi kitu. Lakini kama mungeandika chauffeur wa Bunia, tungelipa. Alikufa na presha. Haikuwa vita, haikuwa njia."

"Mungelipa wapi, na mulitukataa?"

"Site njo iliwakataa. Pale tunawekaka tu zile contrats za haraka. Ya ba chauffeurs wa Ituri iko, ila ni ya kuuliza kwa telefone. Bei inapanda kidogo."

"Kidogo ginsi gani?"

Mwanamke akamtajia. Ilikuwa thamani ya samaki wachache, wale wadogo ambao Agathe huwatupia wateja wake kama nyongeza ili warudi kesho. Namba ya simu ilikuwa chini ya ukurasa muda wote, aliiona kila mara alipofungua. Lakini tangu lini mtu akaipigia simu barrière kuiuliza kama kuna njia nyingine? Ukikataliwa unabadilisha jina, unabadilisha kijiji, unashukuru Mungu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na somo hilo lilimlea, likamwoza, likamzalia watoto. Sasa lilikuwa limekula nyumba yake. Agathe akamshukuru yule mwanamke, maana hakujua neno jingine la kusema, akamaliza kumkwangua magamba samaki aliyekuwa mkononi.

Baudouin alikuja Jumamosi na pikapu na binamu wawili wenye vifua. Alisalimia vizuri, akakataa kiti.

"Mama Divine, tulisikia ndugu yetu aliacha assurance."

Clarisse alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, mkono mdomoni. Hakukusudia, habari ya bima alimwambia mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa na wenzake.

Agathe aliamua hapo hapo. Alikuwa ameona uongo ulivyomfanyia, akasema leo nitajibu kama Caleb, wacha iwe itakavyokuwa. Akamweleza shemeji yake kila kitu tangu mwanzo, tovuti, duara linalozunguka, Kisangani, mwalimu, sauti ya Lubumbashi. Hakuficha kitu. Baudouin alimsikiliza mpaka mwisho huku anatikisa kichwa taratibu.

"Weye ni mama wa soko," akasema. "Bunia yote inajua. Haununuake samaki bila kufungua. Na leo unataka mimi niamini kama Mama Contrôle alinunua assurance ovyo?"

"Shemeki, ni ukweli ya Mungu."

"Ukweli mimi naujua mumoja. Ulitafuta bei ya kifo ya ndugu yangu mu telefone, na mwaka haukwisha akakufa."

Binamu mmoja akatema mate chini. Neno mchawi halikutajwa, lakini kila aliyekuwa uani alilisikia, na katika mitaa ile mwanamke akishabandikwa neno hilo hakuna mvua ya kuliosha. Baudouin na binamu zake wakaanza kazi. Waligeuza magodoro wakitafuta fedha, wakachana moja kwa kisu, wakaminya sufi kwa mikono. Wakatoa redio, wakatoa viti, wakatoa viatu vya Isidore, kimoja kinang'aa na kimoja haking'ai. Wakachomoa friza ya samaki ukutani wakaibeba wanne, Baudouin na dereva wao wakiwemo, samaki wote ndani. Wadogo zake Divine walikuwa wameshika sketi ya mama yao, mmoja kila upande. Baudouin akatazama kuta, akasema nyumba itafungwa jioni, kiwanja kina jina lake.

Hapo Divine akatoka ndani. Alikuwa amevaa sare ya shule, sketi ya bluu na blauzi nyeupe, ingawa ilikuwa Jumamosi. Alikwenda moja kwa moja kwa Baudouin, akapiga magoti kidogo kama mtoto aliyelelewa.

"Papa mukubwa, mama anaogopa tu," akasema. "Usimukasirikie. Makuta iko."

Binamu waliposikia kuna fedha wakasimama pale pale.

"Iko wapi?"

"Kisangani. Watalipa kisha Pasaka. Lakini kwanza watatuma mutu wa kuangalia kama siye tuko familia ya kweli, kama tunaishi hapa. Akikuta nyumba haina kitu, atasema hakuna familia, makuta inarudi Kinshasa."

Baudouin alimtazama. Alikuwa mtu mzima, na yeye pia alikuwa amepita magogo mengi.

"Hiyo kampuni iko fasi gani mu Kisangani?"

"Karibu na poste," Divine akasema bila kumeza mate. "Nyumba ya étage, ya kupanda ngazi, rangi ya bluu. Chini kuko pharmacie, na mulinzi wa pale hana jicho moja."

Divine hakuwahi kuvuka hata Komanda. Baudouin akacheka, kwanza puani, kisha kwa sauti, kwa ajili ya yule mlinzi.

"Mutoto wa Isidore," akawaambia binamu zake. "Rudisheni."

Agathe hakugeuza kichwa kumtazama binti yake. Alitazama mbele, kwenye tairi la pikapu, na shingo ilikuwa imemkaza mpaka inauma. Wakashusha friza, wakarudisha viti na redio, na godoro lililochanwa wakaliegemeza ukutani. Baudouin akamwambia Agathe, kwa upole sasa, kwamba baada ya Pasaka wataenda Kisangani pamoja, wao wawili, maana mwanamke hawezi kubeba makuta mengi peke yake njia ile. Agathe akaitikia kwamba ni kweli. Aliwasindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa, akapunga mkono.

Alipoingia ndani alimkuta Divine amekaa sakafuni kati ya wadogo zake, bado amevaa sare, amewashika wote wawili mikono. Agathe akaketi karibu naye, akamshika kichwa, akakibana kifuani. Angetaka kumwambia amefanya vizuri. Angetaka pia kumchapa, kumpigia magoti, kumwomba asiyajue kamwe yale aliyoonyesha kwamba anayajua. Mtoto huyu hakufundishwa na mtu. Alikuwa amewasikiliza wazazi wake wakicheka.

"Mama," Divine akasema, "kisha Pasaka, wakati watarudi, tutasema nini?"

Agathe akangoja jibu lije, kama lilivyokuja siku zote. Halikuja. Akainuka, akaenda kuirudisha waya ya friza ukutani, ila umeme wa mtaa ulikuwa umekatika. Akainua kifuniko, akamtoa samaki mmoja, akamfungua shavu chini ya mwanga wa dirisha. Wekundu ulikuwa umeanza kugeuka kijivu.